Jumamosi za Mizani ya Magunia

Damu ilianza kunitoka nikiwa nimesimama juu ya mizani ya magunia. Si mizani ya hospitali, wala ile ndogo ya bafuni waliyokuwa nayo wenye nazo. Ilikuwa mizani ya kupimia magunia ya korosho, ya chuma, yenye ubao wa kukanyaga chini na mkono juu unaochezacheza mpaka utulie. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, ndani ya godauni la mume wangu Salehe pale Kurasini, mvua ya vuli inapiga bati. Nikahisi kitu cha moto kinashuka pajani, nikadhani nimejikojolea, maana siku zile vidonge vya Dokta Festo vilikuwa vinanikojoza kama bomba bovu. Nikatazama chini. Tone la kwanza likaanguka kwenye ubao katikati ya miguu yangu, la pili, halafu hayakuwa matone tena. Nikasema, "Wifi, nashuka." Wifi yangu Mwantumu, dada yake Salehe, alikuwa mbele yangu na chaki mkononi, macho yote kwenye ule mkono wa mizani. Akasema, "Usishuke, Zuhura. Bado haijatulia."

Na mie nikabaki. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwenye akili zangu, nilibaki nimesimama ili mizani itulie. Nimewasamehe watu wengi katika maisha haya, lakini hapo kila nikifika nakwama, sijui nianze kumlaumu nani, yule aliyesema usishuke au huyu aliyetii.

Salehe amefariki mwezi uliopita. Tulishaachana miaka mingi, ila mtu uliyelala naye kitanda kimoja huwezi kusikia amekufa ukaendelea kukanda unga. Nikaacha maandazi yangu hapa Segerea, nikajitanda kanga, nikaenda msibani Tandika, kwenye nyumba ileile niliyokuwa mama mwenye nyumba zamani. Siku ya khitma nilikuwa uani na wanawake wenzangu tunachambua mchele, Mwantumu akaja. Kazeeka, anatembelea fimbo, lakini mdomo uko vilevile. Nikampa pole, akanikumbatia, kisha akageukia wenzake akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barazani, "Huyu Zuhura alikuwa na bahati yake, ila mbishi. Angetusikiliza sie na Dokta, leo angekuwa na mtoto wa kumlilia marehemu." Wanawake wakaitikia, "Ndiyo mambo ya Mungu." Mie nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Nilitoa mawe mpaka ungo mzima ukawa mweupe, nikainuka, nikarudi Segerea bila kuaga, na siku ya pili nikamwambia mpangaji wangu Mwalimu Rehema anipe daftari. Nimeishia darasa la nne. Herufi ananisahihishia yeye, maneno ni yangu.

Ule mwaka ulikuwa wa tisini na tatu, miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, kila mtu anaingiza kitu kutoka nje. Salehe alikuwa akiwatolea watu mizigo bandarini, na mizigo ilikuwa mingi hata usingizi alikuwa hapati. Nyumba ikajaa vitu. Friji ilikaa ukumbini, si jikoni, ili mgeni aione. Televisheni ilivalishwa kitambaa cha kufuma kama bi harusi. Kitu kimoja tu kilikosekana, na kila aliyeingia alikuwa anakitafuta kwa macho: mtoto. Miaka saba ya ndoa. Nilikuwa mnene wa kweli, kilo mia na thelathini na nane, na unene huo ndio Salehe alionipendea mwanzoni, alikuwaga anasema nikipita uchochoroni jua linajificha. Hedhi yangu ilikuja ikipenda, mara moja kwa miezi mitatu, mara minne. Ndipo akatokea Dokta Festo. Serikali ilikuwa imeruhusu zahanati za watu binafsi, naye akafungua yake Kinondoni, pazia la kijani, feni ya mezani, na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Akatwambia mafuta yamefunga kizazi. Nikishuka mpaka tisini, nitazaa. Alisema "tisini" akapiga meza kwa kidole, na tangu siku ile tisini ikawa jina la mwanangu.

Salehe alikuwa na watu wake Bombay wa kumnunulia spea. Mmoja akamwambia kuna daktari kule anapunguza watu tumbo kwa kisu. Tukaenda mwezi wa kwanza. Sitaki kukaa sana kule, nakumbuka dari tu, na sauti ya mwanamke kitanda cha pili akisali kwa lugha nisiyoijua. Wakanipasua, wakalibana tumbo kwa pini za chuma, wakaacha mfuko mdogo juu, wa kupokea chakula. Daktari wa kule alinionyesha kwa kikombe cha kahawa, kidogo kama vile vya wauza kahawa wa kwetu: ndani ya tumbo lako sasa kinaingia hiki, basi. Siku ya kuondoka akanipa karatasi mbili zimechapwa kwa Kiingereza, akaninyooshea kidole, akaongea kwa muda mrefu, na Salehe akawa anaitikia "yes, yes" huku akitazama saa kwa sababu ya ndege. Tulipofika Dar karatasi zile akapelekewa Dokta Festo, msomi wetu. Akazisoma zote mbele yetu, taratibu, akakunja, akaturudishia. Nikamuuliza, "Dokta, zinasemaje?" Akasema, "Zinasema ule kidogo."

Nikala kidogo. Nilinunua kikombe cha kahawa, nikawa nakula kwa hicho: uji asubuhi, mchuzi wa samaki uliochujwa mchana, uji jioni. Nikizidisha kijiko, chakula kinarudi. Kutapika kukawa sehemu ya siku yangu kama kupiga mswaki. Mwantumu, aliyehamia kwetu kumtazama mgonjwa, kama alivyosema mwenyewe, alikuwa anapika pilau mchana, anaipakua ukumbini mlango wazi, anasema, "Karibu kwa pua, wifi." Tulikuwa tunacheka. Siwezi kusema uongo, miezi ile ya kwanza tulicheka sana. Kilo zilikuwa zinaanguka kama maembe ya msimu. Mizani ya zahanati ya Dokta Festo ilikuwa inaishia mia na ishirini, kwa hiyo Salehe akasema twende godauni. Kila Jumamosi, kabla malori hayajaingia, mie juu ya ubao, karani wa mizani mzee Athumani anasogeza jiwe, Mwantumu anaandika kwa chaki kwenye nguzo. Makuli wanasimama pembeni na magunia yao wanasubiri zamu. Nikishuka kilo wananipigia makofi. "Mama kapungua debe zima!" Salehe anacheka, ananishika mkono kunishusha kama malkia. Mia na thelathini, mia na ishirini na mbili, mia na kumi na tano. Hata niliposhuka chini ya mia na ishirini, mizani ya zahanati ikawa inanitosha, hatukurudi kule. Salehe alikuwa ameshapenda yale makofi.

Kipupwe kilipoingia nilikuwa mia na sita. Jumamosi iliyofuata, mia na sita. Iliyofuata tena, mia na sita. Mzee Athumani akakagua jiwe, akaipangusa mizani kwa kitambaa, akasema mizani haina kosa. Wiki ya nne makuli wakaacha kupiga makofi. Nakula kikombe kilekile, natapika vilevile, kilo zimegoma. Kuna huzuni mtu hawezi kuielewa kama hajaipata: kushinda na njaa siku saba, halafu chuma kinakwambia hukufanya kitu. Usiku unapita, mchana unapita, lakini Jumamosi inakuja na wewe huna la kuonyesha. Salehe akaacha kunishika mkono wakati wa kushuka.

Na mtaani nako kukachafuka. Nilikuwa nimekonda usoni na shingoni, ngozi ya mikono inaning'inia, na watu wa Dar miaka ile walikuwa na jibu moja tu kwa mtu aliyekonda: ukimwi. Tulialikwa shughuli ya harusi Kinondoni. Tumekaa jamvini, sinia la wali limewekwa katikati yetu wanawake watano, mie nimechukua punje mbili za wali ili nisionekane najitenga. Nilipopeleka mkono, mikono mingine minne ikasimama. Mmoja akasema ameshiba. Mwingine akamwita mwanawe asiyekuwepo. Nikabaki peke yangu na sinia la watu watano, mie nisiyeweza kumaliza kikombe cha kahawa. Nyuma yangu mtu akasema, hata hakunong'ona, "Kakanyaga waya huyo. Bombay wapi, walikwenda kutafuta dawa." Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, alikuwa amekaa karibu na mlango. Aliyasikia. Siku ya pili akaja kutoka Kawe na kikapu, ndani kuna makopo sita ya maziwa mazito. Akatoboa kopo kwa msumari, tundu mbili, akanipa. "Nyonya." Nikamwambia Dokta amekataza. "Dokta hakukusikia ukisemwa. Nyonya, mwanangu, mashavu yarudi, mie sitaki kukuzika ungali hai." Maziwa yale yalikuwa hayagomi tumboni, yalipita kama maji. Na utamu wake baada ya miezi mitano ya mchuzi uliochujwa, nililia. Nikawa nayaficha chini ya kitanda, ndani ya sanduku la viatu. Kopo moja kwa siku tatu. Mume ananitaka nikonde, mama ananitaka ninenepe, na kote huko wote walikuwa wananipenda, au ndivyo nilivyodhani.

Mwezi wa nane ukakatika, wa tisa ukaingia. Kutapika kukazidi, hasa asubuhi, lakini nani angeshangaa kutapika kwangu? Hedhi sikuiona, lakini hedhi yangu nani aliitegemea? Nikaanza kutamani udongo. Ule wa kuchoma, unaouzwa sokoni kwenye visahani pamoja na ubuyu. Harufu ya mvua ya kwanza ikipiga ukuta mate yalikuwa yananijaa mdomoni. Nikawa naununua Tandika sokoni, nautia kwenye pindo la kanga, nautafuna nikifua. Siku moja Mwantumu akanikuta uani. Akaniambia nifungue kiganja. Nikafungua. Akauchukua ule udongo, akaushika kwa vidole viwili, akautazama, akanitazama mie usoni, kisha tumboni, kisha usoni tena. Nikangoja anigombeze. Hakunigombeza. Akautupa kwenye karo, akanawa mikono, akasema, "Sasa unakula mpaka ardhi," akaingia ndani. Kumbuka hapo, wewe unayesoma. Mie ndiyo kila siku nakumbuka hapo.

Jumamosi ya wiki ileile mizani ikasoma mia na nane. Mkono wa chuma ulipotulia nikasikia mpaka winchi za bandarini. Mzee Athumani, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa utani, akataka kuniokoa. Akasema, "Bosi, labda leo wamepanda wawili." Makuli wakacheka. Salehe mwenyewe midomo ikataka kufunguka. Mwantumu akasema upesi, "Wawili wapi? Huyo wa pili ni maziwa ya kopo. Nendeni mkaangalie chini ya kitanda." Salehe akanigeukia. "Kweli, Zuhura?" Nikasema kweli. Nikasema mbele ya makuli wote, nikalia, nikaomba radhi, nikataja mpaka idadi ya makopo. Na kwa kuwa nilikiri, hakuna aliyetafuta sababu nyingine. Kilo mbili zilishapata mwenyewe, maziwa. Hata mie mwenyewe nilitosheka na jibu lile. Niliona aibu hata nikasahau kufikiri.

Tukapelekana kwa Dokta Festo, Salehe mbele, Mwantumu katikati, mie nyuma. Dokta hakunigusa. Hakuniambia nilale kitandani, hakunishika tumbo, hakuniuliza mara ya mwisho niliona hedhi lini. Alimuuliza Salehe maswali yangu. "Anatapika?" "Anatapika." "Analala sana?" "Kama gogo." Nikasema mwenyewe, "Dokta, kuna kitu kinacheza hapa chini, kama samaki mdogo." Akasema, "Gesi." Akaandika vidonge vya kukojoa, viwili kwa siku, na chumvi ya haluli ya kuharisha mara tatu kwa wiki, na kikombe changu kikatwe nusu. "Mwili wake mvivu," akamwambia Salehe. "Kilo zimegoma, tutazitoa kwa nguvu." Salehe akamshukuru. Nyumbani Mwantumu akawa msimamizi. Haluli aliikoroga yeye, akasimama mlangoni mpaka nimalize, akaichungulia glasi. Yule samaki alicheza kama siku kumi hivi. Halafu akatulia, nikasema afadhali, gesi imekwisha.

Siku ya mizani na damu ilikuwa wiki mbili baadaye. Nilishuka pale nilipoanguka, si nilipoamua. Mzee Athumani ndiye aliyevua shati lake akanifunika, akawaambia makuli, "Geukeni, nyie! Geukeni hivi!" na wanaume wale wakubwa wote wakageukia ukuta. Wakanipakia kwenye lori, juu ya magunia matupu. Hospitali ya serikali nikapokewa na nesi mnene, mkali, Mngoni, alinifokea njia nzima ya korido kwa nini nimechelewa kuja. Baadaye akarudi ameshika beseni lililofunikwa, na ukali umemtoka wote. Akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo manesi hawafanyagi. "Mama, ulikuwa na miezi minne. Wa kiume." Nikamwambia, "Sista, umekosea kitanda. Mie sina mimba. Mie nina kilo." Akanishika mkono. Nilikuwa nimepelekwa ng'ambo nikapasuliwa ili nimpate, akaja kimyakimya kabla hata sijafika tisini, akawa yuko juu ya mizani pamoja nami kila Jumamosi, na sote tulikuwa tunapigana kumtoa.

Salehe alikuja jioni, akasimama mguuni mwa kitanda, akasema, "Kwa nini hukuniambia?" Mwaka uliofuata akaniacha, akamwoa rafiki wa dada yake, na nyumba ikajaa watoto. Mie nikaenda Kawe kwa Mama Mkubwa, ambaye mpaka anakufa aliamini ni maziwa yake yaliyoua, na mie kila siku nilimwambia hapana, mama, hapana, na yeye hakunisadiki. Kilo? Zilianza kushuka zenyewe baada ya mwaka, bila mtu kunitazama. Nilipita tisini bila kujua ni siku gani. Fundi cherehani ndiye aliyeniambia nguo zote zipunguzwe.

Zile karatasi za Bombay nilizitunza ndani ya sanduku lilelile la viatu. Sikuwahi kumpa mtu azisome, niliona zinasema ule kidogo, basi. Wiki iliyopita, nilipofika hapa kwenye daftari, nikampa Mwalimu Rehema. Alisoma amesimama, halafu akakaa. Akanitafsiria. Karatasi ya pili inasema kilo zitafika mahali zitagoma, wiki kadhaa, pengine miezi, na mgonjwa asitishwe wala asipunguziwe chakula zaidi, mwili unapumzika, utaendelea. Inasema asibebe mimba mwaka wa kwanza, na unene ukishaanza kupungua kizazi hufunguka upesi, hata kama hedhi yake haieleweki. Inasema akikosa hedhi, au kilo zikipanda bila sababu, kabla ya dawa yoyote apimwe mimba. Mstari huo umepigwa wino chini. Yule daktari wa Bombay aliupiga wino kwa mkono wake, ndicho alichokuwa ananieleza akininyooshea kidole siku ile.

Kwa hiyo Dokta Festo, ulisoma. Nilikuona ukisoma, macho yako yakashuka mpaka chini, ukageuza, ukasoma na nyuma. Nasikia umestaafu, una nyumba nzuri, watu wanakuita mzee wa kanisa. Hukunitesa kwa kutojua. Niambie basi, kati ya mstari ule na meza yako, ulimsahau mwanangu wapi? Na Salehe amekwenda, yeye ataulizwa huko na mwenye kuuliza.

Lakini wewe Mwantumu uko hai, na fimbo yako, na umesimama mbele ya watu kusema ningekusikiliza ningezaa. Wewe mwaka ule ulikuwa umeshazaa watoto watano. Hakuna mwanamke wa Temeke, hata msichana aliyevunja ungo jana, asiyejua mwanamke mzima akitafuna udongo uani kwa kujificha ana nini. Nimekaa na hili miaka yote nikijiambia labda hukuelewa. Lakini uliutazama udongo, ukanitazama uso, ukanitazama tumbo. Kisha siku chache baadaye mzee Athumani aliposema wawili, wewe ndiye uliyewahi kujibu, kabla hata kaka yako hajamaliza kucheka.

Jumamosi nakuja Tandika. Sitakuja na ugomvi, nitakuja na udongo wa shilingi chache kutoka sokoni, kwenye pindo la kanga. Nitauweka kwenye kiganja chako, mbele ya wanao na wajukuu zako, na nitakuuliza mara moja tu: siku ile uani, Mwantumu, ulipoushika hivi, ulijua? Nijibu, na usiondoke barazani. Nitasubiri mpaka itulie.